Uzito wa Kusoma

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika mazungumzo ya elimu bila ya kupata makao ya hakika katika lugha yetu ni disleksia. Wako waliachao neno hili kama lilivyo, wako wasemao "ulemavu wa kusoma", na wako, nao ndio wengi, wasio na jina lolote la hali hiyo ila kumwita mtoto mjinga au mvivu. Neno lenyewe ni la Rudolf Berlin, tabibu wa macho wa Stuttgart nchini Ujerumani, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1887, akiwa ameunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya shida na la pili lenye maana ya neno. Miaka kumi kabla yake, Adolf Kussmaul, tabibu mwenziwe wa nchi hiyo hiyo, alikwisha kutaja "upofu wa maneno".

Matabibu hao walinena juu ya watu wazima waliopotewa na uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Habari ya watoto ilidhihiri mwaka 1896, pale W. Pringle Morgan, tabibu wa Seaford katika pwani ya kusini ya Uingereza, alipoandika juu ya mvulana wa miaka kumi na minne aitwaye Percy, mwepesi wa michezo, asiyetatizwa na hesabu, aliyefundishwa kusoma kwa miaka mingi na bado akiliandika jina lake mwenyewe "Precy" bila ya kuliona kosa. Mwalimu wake alishuhudia kwamba laiti masomo yote yangalitolewa kwa mdomo, kijana huyo angalikuwa wa kwanza shuleni. Ushuhuda huo wabatilisha dhana ya ujinga, na uchunguzi uliofuata umeutilia nguvu: hali hii aghalabu hurithiwa katika ukoo, haina asili yake machoni, bali katika namna ubongo uzichambuavyo sauti za maneno na kuzifunga na herufi, na yaweza kumpata mtoto mwenye akili kali kama impatavyo mwenye akili ya wastani.

Lakini dalili zake hazilingani katika kila lugha, na hapa ndipo vitabu tulivyovipokea kutoka kwa Waingereza huweza kutupoteza. Tahajia yao ni ya mizungu mingi, kwa hiyo mtoto wao mwenye shida hii hukosea waziwazi, neno baada ya neno. Tahajia yetu ni aminifu: aliyekwisha kujua ba, be, bi, bo, bu hana siri kubwa iliyobaki katika herufi. Heinz Wimmer, aliyewachunguza watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, lugha ambayo nayo tahajia yake ni aminifu kuliko ya Kiingereza, aliona kwamba watoto wa namna hii hukosea kidogo tu, ila husoma polepole mno. Basi hatuna budi kumtazamia mtoto wetu afanane na wale. Mtazame aketipo na kitabu: kidole kimeganda chini ya silabi, midomo yatangulia kunong'ona, naye alikusanya neno kipande kipande, wa-li-vyo-tu-a-nda-li-a, hata afikapo mwisho wa neno, ambalo katika lugha yetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, mwanzo wa sentensi umekwisha kumponyoka. Hakukosea hata herufi moja, wala hakuelewa alichokisoma. Mwenziwe hujificha kwa kuhifadhi: darasa likisoma kwa pamoja sauti yake ni ya juu, lakini ukiifunika picha na kumwonyesha neno moja katikati ya ukurasa, hunyamaza. Mtoto huyo aweza kufika darasa la nne asijulikane.

Kwa sababu hiyo naona tafsiri ifaayo ni "uzito wa kusoma". Neno upofu halina daraja, nalo ladanganya kuhusu macho. Ulemavu laogopesha wazazi kabla hawajasikiliza. Tatizo laweza kuwa lolote, hata ukosefu wa vitabu. Uzito una kadiri, mdogo na mkubwa, na ndivyo hali yenyewe ilivyo. Tena lughani mwetu mzito ni yule akawiaye, na kukawia ndiko dalili tuliyoiona. Watu husema "mzito wa kusikia" pasipo kumdharau mtu, basi "mzito wa kusoma" laweza kukaa kando yake. Najua wako watakaohofu kwamba neno hili lina ujamaa na "akili nzito", na hofu hiyo ina haki. Dawa yake ni kutolitaja kamwe bila ya kijalizo chake, maana kinachokawia ni kusoma, si mtu.

Istilahi ya pili iambatanayo na hii ni "afua ya mapema". Afua ni neno la kale lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya wokovu na ya msamaha, na watu wa serikali wamelifanya kuwa jina la hatua yoyote ya kusaidia, nalo limechaguliwa vyema. Huko Marekani, kwa muda mrefu mtoto alingojewa mpaka pengo kati ya akili yake na usomaji wake liwe kubwa ndipo apewe msaada, hata sheria yao ya mwaka 2004 iliporuhusu kutazama kwanza jinsi anavyoitikia mafundisho mazuri. Huo ndio utaratibu utufaao sisi: msaada utangulie jina. Mtoto apimwe macho na masikio, afundishwe katika kikundi kidogo kila siku, na asiyesonga mbele baada ya majuma kadhaa ndiye apelekwe kwa wajuzi. Kenya imekuwa na vituo vya kuwapima watoto tangu mwaka 1984. Tanzania ina walimu wa elimu maalumu waliofunzwa Patandi, Arusha. Hata mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, waweza kumwauni mwalimu: mtoto aambiwaye "kitabu" akajibu "bukita" anazisikia silabi zikitengana, na yule ashindwaye daima ilhali wenziwe wanacheka na kuendelea astahili kuangaliwa.

Walimu wa darasa la kwanza na la pili, msikilizeni kila mtoto akisoma peke yake, ukurasa asiouhifadhi, kabla ya muhula wa pili kwisha. Nanyi watungaji wa mitihani, mwongezeeni muda yule ambaye uzito wake umethibitishwa.