Askari na mkewe: kutoka Ruvuma hadi Burma

Novemba 25, 1917, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma pale Ngomano na kuingia Msumbiji na mabaki ya jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Wagonjwa, majeruhi na wengi ambao asingeweza kuwalisha alikuwa ameshawaacha nyuma. Hata hivyo, pamoja na askari na wapagazi walivuka wanawake, wake wa askari, wenye vyungu kichwani na watoto mgongoni. Mwaka mzima walitembea na waume zao: Msumbiji, kisha kurudi upande wa pili wa Ruvuma, kisha Rhodesia ya Kaskazini, hadi silaha zilipowekwa chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Novemba 25, 1918.

Hivyo ndivyo askari wa zama zile alivyokaa karibu na mkewe: walikwenda pamoja. Wakubwa wa Kijerumani waliukubali utaratibu huo kwa kuwa uliwafaa. Mke ndiye aliyechota maji, akatafuta kuni, akatwanga nafaka, akapika, akamuuguza mumewe. Wapo waliojifungua njiani, na kesho yake safari ikaendelea. Vitabu vya Vita vya Kwanza vya Dunia havichoki kumsifu jenerali kwa ujanja wake porini. Mimi nasema jeshi lile lisingefika Abercorn bila mikono ya wanawake hao, na majina yao yalistahili kuandikwa kando ya jina lake.

Mpagazi hakupata hata nafasi ya kwenda na mkewe. Waingereza, waliokuwa wakipigana na Wajerumani, walikusanya wapagazi kwa malaki, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia. Majina yao yalikuwa yameandikwa vibaya, vijiji vyao havikujulikana sawasawa, na mishahara ya wafu wengi haikuwafikia warithi. Nyumbani mke alibaki kati ya kungoja na kukaa eda, pasipo mtu wa kumwambia ashike lipi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, hali ilibadilika kabisa. Wakati wa amani, askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliweza kuishi na mkewe kambini. Lakini mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 ikaingia Burma. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliteremka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia, kwenye matope ya kumeza magari, wakiwafuata Wajapani kutoka Tamu hadi Kalewa, walikofika mwanzoni mwa Desemba. Huko hakuna mke aliyeweza kufuata. Kilichobaki ni karatasi.

Na karatasi ile haikuwa ya watu wawili. Askari wengi hawakujua kusoma, ingawa jeshi liliwafundisha wengine humohumo vitani. Asiyejua alikaa chini na mwenzake mwenye elimu, akamtajia maneno. Barua ikapita kwa mkaguzi wa jeshi, aliyeangalia siri za vita na pia manung'uniko. Ikavuka bahari ileile ambamo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na Wajapani Februari 12, 1944, wakafa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Barua ilipofika kijijini, mara nyingi alitafutwa mwalimu au katekista aisome, huku mama mkwe akisikiliza.

Mume atamwambia nini mkewe mbele ya watu wote hao? Hapo ndipo utaratibu wa barua zetu ulipookoa jambo. Salamu nyingi, mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako: maneno yanayofaa kwa kila mtu, na ndani yake mke akasikia yaliyo yake peke yake. Baada ya salamu yalifuata mambo ya nyumba: mahari iliyosalia, ng'ombe, mpaka wa shamba, ada ya shule. Waliokaa mbali muda mrefu waliingiwa pia na shaka kwamba mke amechukuliwa na mwingine, na wengine walimwandikia DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, wakimwomba achunguze. Fikiria uchungu wa mtu aliye chini ya mizinga, anayelazimika kumkabidhi mgeni jambo la chumbani mwake.

Wakaguzi walinakili vipande vya barua hizo katika taarifa zao za siri, ndiyo maana wanahistoria wanaweza leo kuzisikia sauti za askari. Za wake ni chache mno. Walichosema jikoni baada ya mwalimu kuondoka hakikunakiliwa.

Lakini ilikuwapo habari isiyohitaji msomaji: sehemu ya mshahara ambayo askari aliiachia familia, ikalipwa kupitia ofisi za serikali wilayani. Kwa mke, fedha ile ilikuwa unga na kodi, na ilikuwa pia dalili kwamba jina la mumewe bado limo katika orodha ya walio hai. Japani ilisalimu amri mwaka 1945, ila meli zilikuwa haba, na wapo askari waliongoja zamu yao ya kurudi hadi mwaka 1946. Miezi hiyo yote wake waliendelea kwenda ofisini kuulizia fedha, na kuulizia meli.