Uvamizi wa Uingereza nchini Tibet (1903–1904)

Uvamizi wa Uingereza nchini Tibet ulikuwa msafara wa kijeshi uliotumwa na serikali ya Uhindi wa Kiingereza kuvuka milima ya Himalaya kati ya Desemba 1903 na Septemba 1904. Msafara uliongozwa na Francis Younghusband kama mjumbe wa kisiasa na Brigedia Jenerali James Macdonald kama mkuu wa askari. Uliishia katika mji mkuu, Lhasa, ambako Watibet walilazimishwa kutia sahihi mkataba.

Kwa sababu ya tofauti kubwa ya silaha kati ya pande mbili, vita hivi hutajwa mara nyingi kama mfano wa vita vya kikoloni vya upande mmoja. Pia vimekuwa mada ya michezo ya vita inayochezwa mezani kwa sanamu ndogo, ramani na dado.

Chanzo

Mwaka 1890 Uingereza na China zilipatana juu ya mpaka wa Sikkim na Tibet, na mwaka 1893 zikaongeza kanuni za biashara. Watibet hawakushirikishwa, hivyo hawakuyatambua mapatano hayo. Lord Curzon, aliyetawala Uhindi kwa niaba ya mfalme wa Uingereza tangu 1899, alimwandikia Dalai Lama wa 13, Thubten Gyatso, lakini barua zake zilirudishwa bila kufunguliwa.

Wakati huohuo Agvan Dorzhiev, mmonaki Mburyati aliyekuwa raia wa Urusi, alisafiri kati ya Lhasa na Urusi. Curzon alihofia kwamba Urusi ingepata nguvu Tibet. Baadaye askari hawakukuta jeshi la Kirusi huko Lhasa.

Julai 1903 Younghusband alifika Khampa Dzong, ndani ya mpaka wa Tibet, akangoja kwa miezi kadhaa bila kupata mazungumzo ya maana. Ndipo serikali ikaamua kutuma jeshi.

Majeshi

Jeshi la Uingereza lilikuwa na askari wapatao 3,000, wengi wao Wahindi na Wanepali: Wagurkha, Masingasinga na Wapathani, pamoja na vikosi vichache vya Waingereza. Walikuwa na bunduki za kisasa, mizinga ya milimani na bunduki za mashine aina ya Maxim. Nyuma yao walifuata maelfu ya wapagazi na wanyama wa mizigo.

Macdonald alikuwa amewahi kufanya kazi Afrika ya Mashariki. Mnamo 1891–1892 aliongoza upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na mwaka 1897 alipigana na askari Wasudani walioasi huko Uganda.

Watibet wengi walikuwa wakulima na wafugaji walioitwa vitani. Walibeba magobori ya kuwashwa kwa utambi, panga na mikuki. Wengi walivaa hirizi zilizobarikiwa na malama.

Mwendo wa vita

Desemba 1903 msafara ulivuka njia ya mlimani ya Jelep La, yenye kimo cha zaidi ya mita 4,200, ukaingia bonde la Chumbi. Sehemu ya askari walikaa majira ya baridi huko Tuna, ambako mafuta ya bunduki yaliganda na askari waliugua kichomi.

Tarehe 31 Machi 1904, huko Chumi Shengo karibu na kijiji cha Guru, Watibet wapatao 1,500 walikuwa wamefunga njia kwa ukuta wa mawe. Waliamriwa kutopiga kwanza. Askari wa Uingereza waliwazunguka na kuanza kuwanyang'anya silaha. Katika vurugu hiyo jenerali wa Kitibet alimpiga risasi askari mmoja Singasinga, na mara jeshi lote la Uingereza likafyatua risasi kutoka karibu sana. Kwa muda mfupi Watibet kati ya 600 na 700 waliuawa. Upande wa Uingereza ulikuwa na majeruhi wachache tu, akiwemo mwandishi wa gazeti Edmund Candler, aliyepoteza mkono kwa upanga.

Mashahidi walisimulia kwamba Watibet hawakukimbia, bali waliondoka wakitembea polepole huku risasi zikiendelea kuwaangusha. Luteni Arthur Hadow, aliyesimamia bunduki za Maxim, aliandika kwamba alichukizwa na mauaji hayo. Masimulizi ya Kitibet yanadai kwamba wapiganaji walikuwa wamedanganywa wazime tambi za magobori yao.

Baada ya hapo Watibet walipigana kwa mbinu nyingine. Alfajiri ya tarehe 5 Mei watu wapatao 800 walishambulia kambi ya Younghusband huko Chang Lo, karibu na Gyantse, wakati sehemu kubwa ya walinzi ilikuwa imeondoka. Walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa, lakini ngome ya Gyantse ilibaki mikononi mwao na kambi ikabaki chini ya mizinga yake kwa wiki kadhaa. Kesho yake kulikuwa na mapigano huko Karo La, kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,000.

Ngome ya Gyantse ilitekwa tarehe 6 Julai. Luteni John Grant na havildar Karbir Pun, Mgurkha, walitangulia kupanda mwamba hadi ufa uliotobolewa na mizinga. Grant alipewa nishani ya Msalaba wa Viktoria. Karbir Pun alipewa nishani nyingine, kwa kuwa askari wa Kihindi hawakuruhusiwa kupata ile hadi mwaka 1911.

Tarehe 3 Agosti msafara uliingia Lhasa. Dalai Lama alikuwa amekimbilia Mongolia.

Matokeo

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 7 Septemba 1904 katika jumba la Potala. Watibet walitakiwa kulipa rupia 7,500,000 kwa muda wa miaka 75, na Waingereza wangekaa Chumbi hadi deni liishe. Serikali ya London iliona Younghusband amevuka maagizo yake, ikapunguza deni hadi rupia 2,500,000. China ililipa deni hilo, na Waingereza waliondoka Chumbi mwaka 1908.

Katika michezo ya vita

Michezo ya vita ilianza kama mafunzo ya maofisa wa Prussia mwanzoni mwa karne ya 19. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliieneza kama burudani ya nyumbani kwa kitabu chake cha mwaka 1913. Vita vya kikoloni vilipata wachezaji wengi zaidi baada ya Mmarekani Larry Brom kutoa kanuni zake mwaka 1979.

Msafara wa Tibet unaleta tatizo la pekee. Ikiwa ushindi unahesabiwa kwa idadi ya waliouawa, matokeo yanajulikana kabla ya mchezo kuanza, na mchezaji wa upande wa Tibet hana la kufanya. Njia za kutatua tatizo hilo ni pamoja na hizi:

- Muda: Waingereza wanapaswa kufika Lhasa na kurudi kabla ya majira ya baridi. Kila siku Watibet wanayowachelewesha inahesabiwa kuwa ushindi kwao.
- Chakula na usafiri: nyumbu, yaki na wapagazi wanahesabiwa kama askari. Katika vita halisi wanyama walikufa kwa maelfu, na safari ilitegemea mizigo kuliko risasi.
- Kimo na baridi: kikosi kinachopanda huchoka na kwenda polepole, na bunduki huweza kukwama.
- Wachezaji wawili upande mmoja: mmoja ni Younghusband anayetaka kusonga mbele, mwingine ni Macdonald anayeogopa kukosa chakula. Watibet huongozwa na mwamuzi. Kwa kweli viongozi hao wawili walivutana mara kwa mara.

Mapigano ya Chang Lo, Karo La na Gyantse yanafaa zaidi kuchezwa, kwa sababu pande zote zilikuwa na maamuzi ya kufanya. Chumi Shengo ni tofauti. Pale hapakuwa na mapigano ya kweli ila mauaji, na kuyageuza kuwa mchezo ni kuyafanya yaonekane kama shindano la haki. Pingamizi hilo hutolewa pia dhidi ya michezo mingine ya vita vya kikoloni. Jibu moja ni kuanza mchezo kabla ya siku ile, mazungumzo yakiwa bado yanawezekana, ili mchezaji wa Uingereza apoteze alama damu ikimwagika. Kwa njia hiyo mchezo huuliza swali ambalo Younghusband mwenyewe alikabiliwa nalo: msafara uliotumwa kutafuta mkataba unashindaje kwa kuwaua wale wanaotakiwa kuutia sahihi?

Kumbukumbu

Huko China uvamizi huu hukumbukwa kama mfano wa ubeberu, na filamu ya Kichina ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Feng Xiaoning ilihusu vita hivi. Younghusband aligeukia mambo ya dini, akaanzisha mwaka 1936 jumuiya ya kukutanisha watu wa imani mbalimbali. Alifariki mwaka 1942.

Tazama pia

- Himalaya
- Dalai Lama
- Lhasa
- Ukoloni