Foleni ya Mahesabu ya Ziwa

Mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu Rumonge na Gatumba, mjomba wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Yeye ni mvuvi wa ndagala, na vichanja vyake vya kuanikia samaki viko hatua chache tu kutoka majini. Alisema, "Wewe mwanangu unayesomea kompyuta, hiyo mashine haiwezi kutuambia maji yatafika wapi?" Nilimjibu kwamba inaweza kujaribu, ila kwanza lazima ingojee zamu yake. Akacheka sana. "Kumbe kompyuta nayo inapanga foleni?"

Ndiyo, inapanga, na foleni hiyo ina historia yake. Historia hiyo imegusa ziwa letu kuliko nilivyodhani nilipoanza kuandika insha hii.

Nianze na ziwa lenyewe. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini, wakipita mwambao wetu, ili kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta unaingia. Jibu lilihitaji mtumbwi na siku kadhaa za kupiga kasia, basi. (Wavuvi wa huku walikuwa wakilijua jibu hilo tangu zamani, lakini hilo ni jambo jingine.) Miaka michache baadaye likaja swali gumu zaidi. Cameron aliuona mto Lukuga mwaka 1874, nao ulikuwa umezibwa na mimea na tope, na ziwa likawa linazidi kujaa. Mnamo 1878 kizuizi kile kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea Kongo, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Tangu hapo kila anayetaka kujua kimo cha Tanganyika anapaswa kujumlisha mvua na mito inayoingia, kisha kutoa maji yanayokwenda na jua na yale yanayotoka kwa Lukuga. Hesabu hiyo mtu mmoja hawezi kuimaliza kwa kalamu, hasa akitaka kuirudia kwa miaka mingi.

Kwa upande wa mashine, mwanzo ulikuwa wa uchoyo, tena uchoyo wenye sababu. Kompyuta za miaka ya 1950 zilikuwa ghali mno, na muda mwingi zilikaa bure wakati watu wakibadilisha kadi na kanda. Mwaka 1956 wahandisi wa General Motors na North American Aviation waliandika programu ya mashine ya IBM 704 iliyochukua kazi moja baada ya nyingine bila kumngoja binadamu. Hiyo ndiyo kazi ya mkupuo: unaandika kila kitu mapema, yaani programu, data na maagizo, unakabidhi, unaondoka. Mstari mmoja wa programu ulikaa kwenye kadi moja iliyotobolewa, yenye safu 80. Ukiangusha boksi la kadi, umeangusha mpangilio wote wa kazi yako.

Afrika Mashariki ilionja mapema. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta mwaka 1965. Lakini mradi wa hesabu za serikali ulikwenda vibaya, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini, zuio lililodumu miaka kadhaa. Wengine husema lilikuwa kosa. Mimi naona watu waliokwisha kulipia mashine isiyowapa majibu walikuwa na haki ya kukasirika.

Ziwa na kompyuta vilikutana vizuri mwaka 1992, FAO ilipoanzisha mradi wa utafiti wa Tanganyika kwa fedha za Finland, makao yake yakiwa Bujumbura, na vituo vingine vikiwa Kigoma na Mpulungu. Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani, lakini vipimo viliendelea kuchukuliwa. Mfini Timo Huttula na wenzake waliunda hesabu za upepo na mikondo. Zilihusu jambo ambalo wavuvi wetu wanalijua kwa mwili. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kwetu kaskazini, na kule Mpulungu maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Upepo ukikoma, tabaka hizo mbili hubembea kama maji ndani ya beseni, bembea moja ikichukua wiki tatu au nne. Ndagala hufuata chakula kinachopandishwa na bembea hiyo, na mukeke huwafuata ndagala.

Hesabu ya namna hiyo ni nzito, na yeyote anaweza kuipima kwa kichwa. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 33,000. Likate vipande vya kilomita moja, kila kipande tabaka 20, unapata visanduku 660,000. Kila dakika ya mwaka lazima kila kisanduku kihesabiwe upya, nazo dakika ni 525,600. Hizo ni hesabu kama bilioni 350 kwa mwaka mmoja wa ziwa. Ukitaka vipande vya nusu kilomita, kazi inakua mara nane.

Ndiyo maana watu wakaunganisha kompyuta nyingi. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA walifunga pamoja kompyuta 16 za kawaida, wakaliita kundi hilo Beowulf. Mashine zikawa rahisi, foleni ikabaki. Mwaka 1995 maabara ya Argonne huko Marekani ilitumia mpangaji wa kazi aliyeitwa EASY, mwenye hekima ambayo mchukuzi yeyote wa mwaloni angeielewa. Kazi kubwa inangoja nodi 40, na hazitakuwa wazi zote hadi saa nane usiku. Kwa sasa nodi sita zimekaa bure. Kazi ndogo iliyo nyuma kwenye foleni inaruhusiwa kupita mbele, mradi imalizike kabla ya saa nane. Kwa hiyo anayetaja muda wake kwa uaminifu hupita, na anayejitengea siku saba kwa woga hungoja. Slurm, iliyoanza maabara ya Livermore mwaka 2002, hutumia hekima hiyo hiyo, na hukumbuka pia nani ametumia sana karibuni ili kumrudisha nyuma kidogo.

Hata mashine huhama. Ranger, kompyuta ya Texas yenye viini 62,976, iliyoanza kazi 2008, ilizimwa 2013, na sehemu zake zikapelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania.

Mimi nilipewa ruhusa ya kutumia klasta moja ya mbali. Kosa la kwanza: niliendesha programu yangu kwenye nodi ya kuingilia, mahali ambapo kila mtu hupita. Ni kama kutandaza nyavu mlangoni mwa soko. Msimamizi aliniandikia barua kali, na nilistahili. Kosa la pili: niliomba saa 12, kazi ikahitaji 13, ikauawa ikiwa karibu kumaliza, nami sikuwa nimehifadhi hatua za katikati. Nikaanza mwanzo. Tangu hapo skripti yangu huandika hali ya ziwa kwenye faili kila saa, ili kazi ikifa ianzie pale ilipoachia.

Lakini jambo moja lilinishangaza. Njia hii ya kizamani ya kukabidhi na kuondoka inafaa Rumonge kuliko njia za kisasa zinazotaka uwe mtandaoni muda wote. Usiku ule nilituma sbatch kwa intaneti ya simu, nikapewa namba ya kazi, na saa tatu umeme ukakatika mtaa mzima. Kazi yangu haikujua. Ilikuwa foleni, nami nililala.

Nilituma mkupuo mmoja wenye kazi 40, kila moja ikiwa na mvua tofauti kidogo juu ya hesabu ile ile ya maji. Kazi 38 zilirudi. Mbili zilikufa kwa kukosa memori. Nilimchorea mjomba mistari 38 kwenye karatasi.

"Upi ndio wa kweli?" aliuliza.

"Hakuna hata mmoja, Mjomba. Ziwa huenda likapita katikati yao."

Alikaa kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa. "Huu ukitokea, maji yanafika wapi?"

Tulitembea mpaka karibu na mwembe ulio juu ya vichanja vyake. Aliutazama mwembe, akatazama ziwa, kisha akainama kufungua kamba za kichanja cha kwanza.