MALI BILA DAFTARI
Historia fupi ya kulinda fedha za wengi hapa kwetu



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za hisa, miradi na watoto waliosomeshwa. Sisi viongozi tumeonelea hapa tueleze jambo moja ambalo limetufikisha leo, nalo ni hesabu ya wazi. Jambo hili lina historia ndefu katika nchi yetu hii, na akina mama hatuna budi kuijua.

Tuanze na neno hongo. Siku hizi ukitaja hongo kila mtu anajua ni rushwa. Lakini zamani, misafara ilipotoka Bagamoyo ikapita Tabora kwenda Ujiji, hongo ilikuwa ni ushuru wa njia. Mtemi mwenye nchi alidai vitambaa, shanga na waya, wenye msafara wakabishana naye, wakapatana, wakalipa, basi njia ikafunguliwa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alipata nguvu kubwa kwa kuishika njia hiyo. Hatusemi ushuru ule ulikuwa wa haki siku zote, maana wafanyabiashara walilalamika sana. Ila ulidaiwa mchana na msafara mzima ukijua. Neno ni lile lile, lakini leo hongo inatolewa kwa siri.

Habari ya pili ni ya karanga za Urambo. Kaliua ilikuwa ndani ya Wilaya ya Urambo mpaka tulipopata wilaya yetu mwaka 2012, kwa hiyo habari hii ni ya nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yakaja, mapori yakang'olewa, fedha zikamwagwa kabla ardhi na mvua havijapimwa vizuri. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu wakaeleza kwamba vitabu vya shirika lililoendesha mradi havikutunzwa inavyotakiwa. Mwezi Januari 1951 mradi ukaachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Sasa mwenzangu jiulize, ni nani aliyeziiba? Hatusemi ziliibwa. Zilipotea kwa sababu mwenye kodi alikuwa Uingereza na fedha zilitumika Urambo, na daftari la kumwonyesha halikuwa sawasawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye tumbaku ndiyo ikawa zao la pande hizi, na wakulima wakawa na vyama vya ushirika. Hapo mwenye mali yuko kijijini, karibu kabisa na mali yake. Hata hivyo mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza ushirika nchi nzima, ikakuta wanachama wengi hawaelewi vyama vyao vinavyoendeshwa, na watu wenye ujuzi wa hesabu ni wachache. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha, na mwaka huo huo likaundwa shirika la ukaguzi wa ushirika, yaani COASCO. Fundisho tunalolipata ni kwamba kukaa karibu na fedha hakutoshi, kama hulisomi daftari au hakuna anayekusomea.

Habari ya mwisho inatugusa sisi wenyewe. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Hizo ni fedha za ushuru wa soko, wa mazao, wa vibanda. Ni fedha zetu. Kisha Aprili 2023 ikatoka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka wa fedha 2021/22. Ilionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 88 za mikopo hiyo hazijarejeshwa, na kwamba kuna mikopo iliyokwenda kwa vikundi hewa. Mwezi ule ule serikali ikasimamisha mikopo, na haikuanza tena mpaka mwaka 2024, kwa utaratibu mpya.

Kikundi hewa si kitu cha ajabu. Ni karatasi tu. Mtu anaazima majina na picha, anaandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, anafungua akaunti. Siku ya kurejesha ukienda kumtafuta hakuna duka, hakuna shamba, hakuna kuku. Na aliyeadhibiwa ni nani? Ni mama mwenye mradi wa kweli, aliyekuwa analipa kila mwezi, akaambiwa asubiri zaidi ya mwaka mzima kwa kosa la watu asiowajua.

Ndiyo maana kasha letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu, na mweka hazina hana hata mmoja. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliofundishwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anaandika, na kila mwanachama anakumbuka salio kichwani mpaka kikao kijacho. Asiyejua kusoma analinda kwa masikio. Mtu akiuliza swali la fedha hatumwoni mchawi.

Kwa miaka kumi ijayo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, usimwazime mtu jina lako wala picha yako kwa kikundi usichokaa vikao vyake. Pili, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Tuhudhurie, mapato na matumizi yakisomwa tuulize. Tatu, ukiombwa hongo ili upate mkopo, usinyamaze. Simu ya TAKUKURU ni 113, na haina malipo.

Tuliyoyazoea kwenye kasha letu dogo tuyadai na kwenye kasha kubwa la umma. 

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati