Kaneno Kadogo na Mkokoteni Mtupu

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, kijijini kwetu nje ya mji wa Bariadi, mkoani Simiyu, mimi ndiye niliyeitwa msomi. Siku moja Baba akaniletea barua ya Kiingereza ya mnunuzi wa pamba. Ilihusu malipo, na ndani yake mlikuwa na maneno "put off". "Put" nilikuwa naijua: kuweka. "Off" nikaipita tu. Kaneno kadogo vile kangenifanya nini?

"Baba, fedha imewekwa," nikasema.

Alfajiri akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaenda mjini kuchukua fedha ili anunue mahindi. Jioni akarudi na mkokoteni mtupu. Kumbe malipo yalikuwa yameahirishwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, miaka minne yote ile?" Yaani bora angenichapa.

Tangu hapo nikaanza kuyafuatilia hayo maneno madogo. Wala hayakunitesa mimi peke yangu. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa kule London, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa. Jina lenyewe, "phrasal verb", lilikuja baadaye sana: Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, mara nyingi kaneno hako kalitangulia kitenzi, tena kameshikamana nacho. Kutoka nje kuliitwa "utgan". Leo ni "go out". Karne zikapita, kakahamia nyuma na kujitenga. "Off" nayo zamani ilikuwa neno moja na "of", na asili yake ni kuondoka, kuachana na kitu.

Ukishajua hilo, fundo linalegea. "Take off" ya nguo: nguo inaachana na mwili. "Take off" ya ndege: ndege inaachana na ardhi. "Put off": siku imewekwa mbali nawe. Hali kadhalika "up" ilianzia juu. Debe likijazwa mpaka juu, kazi imekwisha. Ndiyo maana "eat up" ni kula ukamaliza. Si vyote vinavyotii namna hii, lakini vingi vinatii.

Na sisi je? Kiswahili kimeweka siri kama hiyo mkiani mwa kitenzi: funga, fungua, fungia. Hakuna mtoto wa Bariadi anayechanganya kufunga mlango na kuufungua. Basi kosa langu halikuwa ukosefu wa akili. Nilitazama kichwa, nikaacha mkia.

Juzi Baba ameniletea barua nyingine. Nimeisoma mara tatu kabla ya kufungua mdomo.