Kibali cha Kutoka Katumba



Mkulima wa Ikuti akiwa na mikungu yake ya ndizi hupanda gari hadi Tukuyu au Mbeya, akauza, akarudi jioni. Hakuna anayemwuliza kibali cha kutoka kijijini. Juma hili nawaalika, wapendwa, tuwatazame majirani zetu walioishi zaidi ya miaka 35 bila uhuru huo.

Mwaka 1972, mauaji ya kikabila yalipoikumba Burundi, maelfu ya Wahutu walikimbilia nchini mwetu. Tuliwapokea kwa ukarimu ambao mataifa tajiri hawauonyeshi mara nyingi: walipewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakajilisha wenyewe.

Lakini sheria ya wakimbizi ya 1965, na baadaye ile ya 1998, ilimkataza mkimbizi kutoka makazini bila kibali. Aliyefiwa na ndugu mjini, au aliyetafuta soko zuri la mahindi yake, sharti aanzie kwa mkuu wa makazi. Akinyimwa, ama alibaki, ama aliondoka kwa kujificha kama mhalifu. Mtoto aliyezaliwa Katumba, asiyeijua Burundi ila kwa masimulizi ya bibi yake, alibanwa na sharti lilo hilo. Papa Pio XII, katika waraka wake Exsul Familia wa 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha familia zote za wakimbizi; sijui kama Yosefu angepata kazi ya useremala kwa masharti hayo.

Mwaka 2007 ukaandaliwa mpango wa kuwapa hiari: kurudi kwao au kuomba uraia. Wanne hivi kati ya kila watano walichagua uraia, na kufikia 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa. Hapa ndipo penye uchungu. Walitakiwa kwanza kuukana uraia wa Burundi, kisha vyeti vya Tanzania vikazuiliwa hadi wahamie mikoa mingine. Nani atajenga nyumba ya matofali mahali alipoambiwa aondoke? Mpango wa kuwahamisha ulikwama, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Kwa miaka hiyo minne hawakuwa tena Warundi, wala hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa ni Watanzania.

Wapo wazee waliovuka mpaka mwaka 1972 ambao walizikwa makazini kabla cheti hakijafika.