Flashi, Umbali na Machweo: Historia ya Upigaji Picha za Michezo ya Usiku kwa Mtazamo wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, soka nchini Tanzania imekuwa mchezo wa saa kumi jioni. Mazoea hayo yamezifanya picha zake nyingi kuwa picha za jua linaloelekea kuzama. Makala hii inachunguza kwa nini flashi, yaani taa ya mwako mfupi inayofanya kazi pamoja na kamera, haikuweza kuifungulia soka milango ya usiku katika maeneo ambayo viwanja vyake vingi havikujengwa vikiwa na taa, kama vile Tunduma na mkoa wa Songwe kwa ujumla. Maelezo yanayokuja haraka akilini ni uhaba wa vifaa na wa umeme. Hoja ya makala hii ni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Flashi ndogo hutumia betri, na mpigapicha aliyekuwa nayo kwa ajili ya harusi angeweza kuipeleka uwanjani jioni hiyohiyo. Kikwazo kikubwa kilikuwa umbali. Kikwazo hicho kina uzito kwa mwanahistoria, kwa sababu kimeamua ni tukio lipi libaki katika picha na lipi lisahaulike.

Ikumbukwe kwamba mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Hivyo, kumbukumbu za michezo za Mbozi, Ileje na Momba za kabla ya mwaka huo hazina budi kutafutwa chini ya jina la Mbeya.

2.0 Jua, Saa na Mpaka

Tunduma ipo karibu na longitudo ya 33 mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya longitudo ya 45. Kwa sababu hiyo jua huzama Tunduma takriban dakika 26 baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa wastani wa mwaka. Machweo ya Tunduma huangukia kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:20 usiku, kutegemea mwezi. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, saa ziko nyuma kwa saa moja. Mechi inayoanza saa 10:00 Tunduma huanza saa 9:00 kwa mtazamaji aliyevuka kutoka Nakonde. Jua ni lilelile, lakini jioni ina majina mawili.

Mechi inayoanza saa 10:00 jioni, pamoja na mapumziko na dakika za majeruhi, humalizika kabla ya saa 12:00. Hadi hapo mpigapicha hahitaji flashi. Hali hubadilika pale mechi ya kombe inapokwenda kwenye muda wa nyongeza. Dakika 30 huongezwa, kisha hufuata mikwaju ya penalti, na saa 12:30 hupita. Ikiwa mechi ilichelewa kuanza, au mawingu ya masika yametanda, giza huingia kabla mshindi hajapatikana. Machweo ya ukanda huu wa dunia ni mafupi. Baada ya jua kuzama, mwanga unaofaa kwa picha ya mwendo hutoweka mapema zaidi kuliko mwanga unaomtosha mwamuzi kuuona mpira. Kwa hiyo, katika uwanja usio na taa, “usiku” wa soka ni sehemu ya mwisho ya mechi, nayo mara nyingi ndiyo inayoamua kila kitu.

3.0 Flashi na Kanuni ya Umbali

Mwanga wa bandia wa kupigia picha una historia ndefu. Unga wa magnesi uliowaka kwa kishindo na moshi ulianza kutumika nchini Ujerumani mwaka 1887. Balbu za flashi, zilizowaka mara moja na kutupwa, zilifuata mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuanzia mwaka 1931, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, aliendeleza taa ya kielektroniki ambayo mwako wake ulikuwa mfupi kiasi cha kusimamisha mwendo. Katika kumbi za michezo za Marekani, taa za aina hiyo zilifungwa juu ya dari, nazo zikamulika uwanja mzima wa mpira wa kikapu. Nguvu ya mbinu hiyo ilikuwa jengo lenyewe: dari, nyaya na umbali unaojulikana.

Uwanja wa soka wa wazi hauna dari. Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mchezaji aliye mita 50 hupata sehemu moja tu ya 25 ya mwanga anaoupata aliye mita 10. Chukulia flashi ya kawaida yenye namba mwongozo ya 36 kwa mita, filamu ya ISO 400, na tundu la lenzi la f/4. Flashi hiyo hufika mita 18. Uwanja wa kawaida wa mashindano una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mpigapicha aliyeketi nyuma ya mstari wa goli anaweza kumulika eneo la hatari, ambalo lina kina cha mita 16.5. Katikati ya uwanja, zaidi ya mita 52 kutoka alipo, hawezi kabisa. Zaidi ya hayo, flashi huhitaji sekunde kadhaa kujichaji upya baada ya mwako mkubwa, na kamera nyingi za filamu ziliweza kwenda nayo sambamba kwa kasi ya 1/60 hadi 1/250 ya sekunde tu.

Kutokana na hayo, flashi ilikuwa na uwezo wa kupata matukio machache mahususi: kona, purukushani langoni, mkwaju wa penalti unaopigwa mita 11 kutoka golini, na nahodha anapopokea kombe. Hata penalti ilikuwa na tatizo la kimaadili, kwani mwako unaotoka nyuma ya goli humpiga mpigaji machoni. Mpigapicha muungwana alipaswa kujisogeza pembeni au kuacha kabisa. Vilevile, mandhari ya nyuma hubaki nyeusi. Mchezaji huonekana amesimama peke yake gizani, na umati uliomzunguka haupo. Picha ya namna hiyo ni kweli kuhusu mchezaji, lakini inapotosha kuhusu mji.

4.0 Ulingo na Uwanja

Ulinganisho na ndondi unaithibitisha hoja ya umbali. Ulingo una upande usiozidi sana mita sita, na mpigapicha hukaa ukingoni mwake. Hapo flashi ndogo inatosha bila taabu. Ndondi za Tanzania, mchezo uliompatia Titus Simba medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, zimezoea kumbi na saa za usiku. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, nazo zilikwenda mchana na usiku. Gari lililopita mita chache kutoka ukingo wa barabara liliweza kunaswa kwa mwako mmoja. Michezo hiyo ilipigwa picha usiku kwa kuwa ilimsogelea mpigapicha. Soka ilimkimbia.

Tofauti hii ina athari kwa historia ya nyanda za juu kusini-magharibi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na soka ikawa fahari ya mkoa mzima wa Mbeya wa wakati huo, pamoja na wilaya ambazo leo ni Songwe. Fahari hiyo haikukoma jua lilipozama. Shangwe za barabarani na safari za kurudi nyumbani ni matukio ya usiku yaliyotawanyika, nayo yalikuwa nje ya uwezo wa taa inayofika mita 18.

5.0 Taa za Uwanjani na Kamera za Kidijitali

Suluhisho halikutoka kwenye flashi. Uwanja wa Amaan, Zanzibar, uliofunguliwa mwaka 1970, umekuwa mwenyeji wa mechi za usiku za Kombe la Mapinduzi. Mwaka 2007 ulifunguliwa Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000 na taa za kutosha mashindano ya kimataifa. Mwaka huohuo kampuni ya Nikon ilitoa kamera ya D3, iliyoweza kupiga picha kwa ISO 6400 bila kuharibu sana ubora wake. Ikilinganishwa na filamu ya ISO 400, kamera hiyo ilihitaji sehemu moja ya 16 tu ya mwanga. Taa za uwanjani na kamera nyepesi kwa mwanga zikaifanya flashi isiwe ya lazima, na umati ukaonekana tena nyuma ya mchezaji.

Hata hivyo, manufaa hayo yaliwahi kufika palipokuwa na taa. Kamera mpya peke yake huongeza dakika kadhaa za machweo. Haiumbi mwanga usiokuwepo. Kadiri mechi kubwa zinavyohamia usiku, picha ya soka ya kitaifa inazidi kuwa picha ya viwanja vyenye minara ya taa, ilhali viwanja vya wilayani vinaendelea kuonekana kama vya mchana tu.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba flashi iliishia pale kanuni ya umbali ilipoiruhusu. Iliihudumia ndondi, ikaipatia soka penalti na kombe, na ikauacha mchezo wenyewe gizani. Kwa hiyo mtafiti asichukulie uchache wa picha za usiku kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na usiku wa kimichezo Tunduma au Vwawa. Aidha, asichukulie picha ya kombe iliyopigwa kwa flashi kuwa muhtasari wa mechi. Dakika 120 zilizoitangulia zinahitaji kutafutwa katika simulizi za wachezaji, waamuzi na mashabiki wa pande zote mbili za mpaka. Wengi wa walioshuhudia mashindano ya miaka ya 1980 ni wazee sasa. Kazi ya kuwasikiliza haina budi kufanywa mapema, kwa sababu waliyoyaona baada ya machweo hayamo katika picha yoyote.